Mkungu Uliouzwa Mara Tatu

Jumapili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, meza ya mbele ya kanisa ilikuwa imejaa na watu walikuwa wameanza kuweka vitu sakafuni. Kulikuwa na magunia ya viazi, mahindi makavu, maharagwe ya rangi mbili, mabunda ya unga, kabichi, trei za mayai, mitungi ya mafuta ya kupikia, mkungu wa ndizi, katoni moja ya chumvi na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nyawira alisimama kando ya meza na kukadiria kwa macho. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya Kianda, mtaani Kibera, binti wa Kawangware aliyezaliwa mwendo mfupi kutoka steji ya matatu ya 56, na chakula kile kilikuwa kimekuja kwa sababu yake.

Siku chache kabla ya hapo mto ulikuwa umefurika Laini Saba, sehemu nyingine ya Kibera, na kuingia katika nyumba za mabati zilizo bondeni chini ya reli. Hakuna aliyekufa. Maji yalichukua magodoro, majiko na unga, na yakaacha matope yaliyofika kwenye vitasa vya milango. Katika safu mojawapo ya nyumba hizo aliishi Jael, mpishi wa shule ya Nyawira, ambaye kila mtu alimwita Mama Billy. Chumba chake kilikuwa cha juu kidogo na kilinusurika. Ndani yake yalikaa masufuria makubwa ya chama cha wanawake wa safu ile, yale yanayotolewa kwa matanga na harusi. Wanachama waliyaweka kwake kwa sababu hawakuwa wamewahi kumsikia akisema jambo ambalo halikuwa kweli.

Mpango ulikuwa rahisi. Kanisa la Kawangware lingekusanya chakula wakati wa ibada, Dedan, binamu yake Nyawira, angekibeba kwa pikapu yake, na saa nane mchana kingekuwa Laini Saba. Jael na wenzake wangepika palepale kando ya reli, kwa kuwa wengi hawakuwa na jiko wala makaa.

Jumamosi jioni Jael alikuwa amepiga simu.

"Mwalimu, kuna watu wengine wanapeana chakula kesho asubuhi huko Kianda. Lazima uende na kitambulisho, upange laini mapema. Nitume watu wa huku?"

Nyawira alifikiri kidogo. Kulikuwa na nyumba nyingine nyingi zilizoingiwa na maji, na mtu aliyekula katika laini mbili alikuwa amemnyima mtu wa laini moja. "Hapana," alisema. "Waache wa Kianda wale wasio na mahali pengine. Wenu wangoje. Gari linafika saa nane."

"Uko sure? Hawa watu nikiwaambia wabaki, watabaki."

"Niko sure, Mama Billy."

"Haya basi. Nawaambia."

Ndivyo ilivyokuwa hadi wakati huo wa saa nne na ishirini. Mchungaji aliomba, akakibariki chakula, akawaombea walioketi katika matope. Waumini wakasema amina. Kisha Mzee Kimotho, baba yake Nyawira, alisimama na kuchukua kipaza sauti.

Katika kanisa lile chakula kilichofika mezani hakikuondoka kama kilivyokuja. Kila msimu wa mavuno watu walileta mazao, yakaombewa, kisha yakapigwa mnada palepale kati ya wale wale walioyaleta. Kabichi ilinunuliwa kwa bei ambayo hakuna soko lingethubutu kuitaja. Mara nyingi aliyeinunua aliirudisha mezani iuzwe tena, na hivyo ndivyo paa lilivyopatikana, na viti, na kisima. Kimotho ndiye aliyeendesha mnada huo tangu Nyawira hajaanza shule. Nyawira alikuwa ametangaza kwamba kanisa lingekusanya chakula kwa ajili ya Laini Saba, kisha akawaachia wazee utaratibu. Wazee walifanya walilolijua. Hakuna aliyemficha, na yeye hakuwa ameuliza.

"Huyu jogoo," Kimotho alisema akimwinua, "ametoka Ndeiya jana. Hajawahi kuona taa ya stima. Nani atamwonyesha?"

Watu wakacheka. Mkono ukainuka, kisha mwingine.

"Hiyo ni bei ya mguu mmoja. Ama unataka aende kwako akirukaruka?"

"Ongeza mguu wa pili, mzee, lakini uniachie na kamba."

Nyawira alipita kando ya ukuta hadi mbele. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "hiki chakula kinaenda Kibera leo."

Kimotho alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Na kitaenda. Kitaenda kikiwa kingi. Wewe si ndiye mwalimu wa hesabu? Piga."

Nyawira alipiga. Aliangalia gunia la kwanza la viazi likienda kwa Wagaki, mwenye kibanda cha chipsi pale 56, kwa bei ambayo ingenunua magunia mawili na kitu juu. Aliangalia mayai, kisha unga. Hesabu haikuwa na kasoro. Kwa pesa ile Laini Saba ingepata mara mbili ya kilichokuwa mezani, labda zaidi, na chote kikiwa cha aina inayofaa badala ya mchanganyiko wa kila mtu na alichokuwa nacho stoo. Yeye mwenyewe angeweza kuliweka jambo hilo ubaoni, na hakuna mwanafunzi ambaye angelipinga.

Alirudi mahali pake. Mkungu wa ndizi ulipoinuliwa ulikuwa umekwisha kuuzwa mara moja na kurudishwa. Nyawira aliinua mkono. Mtu wa nyuma akamshinda, naye akaongeza, na mkungu ukawa wake.

"Mwalimu amenunua," baba yake alisema. "Tuupeleke nyumbani?"

"Uuzwe tena," alisema Nyawira.

Kanisa zima lilipiga makofi. Mkungu uliuzwa mara ya tatu kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ambaye aliubeba begani na kutoka nao kabla ya wimbo wa mwisho. Kitu pekee ambacho hakikupata mnunuzi kilikuwa katoni ya chumvi.

Ibada iliisha saa sita na nusu. Ndani ya muda mfupi meza ilikuwa tupu na mashemasi walikuwa wakifunga sanduku la pesa. Nyawira alimwambia baba yake kwamba alihitaji pesa hizo sasa, aende madukani na Dedan.

"Hizo?" Kimotho alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwake mwenyewe. "Hizo zinaenda benki kesho. Halafu zitoke kwa sahihi ya mweka hazina, Ndungu. Ndungu yuko matanga Nyahururu, anarudi katikati ya wiki."

"Watu wanangoja leo."

"Nyawira. Si wewe uliinua mkono mwaka jana, tukapitisha kwamba pesa za sadaka zisiguswe kabla hazijafika benki?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameinua mkono, tena alikuwa amesimama na kueleza kwa nini.

"Wewe uko na nini mfukoni?" Nyawira alimwuliza baba yake.

Kimotho alijipapasa. "Nilikuwa nacho," alisema, akatazama chini, ambako jogoo wa Ndeiya alikuwa amelala ubavu kando ya kiatu chake.

Simu ililia. Alikuwa Jael.

"Mwalimu, maji imechemka."

"Punguza moto."

"Nipunguze ama nizime?"

"Punguza," alisema Nyawira.

Alimpigia Wagaki, akamweleza kwa maneno machache, akamwomba ayarudishe magunia ya viazi kwa siku hiyo tu. Angelipwa mengine katikati ya wiki.

"Woi, msichana wangu," alisema Wagaki. Nyuma yake kulisikika visu na redio. "Si ungeniambia kanisani? Gunia moja tumeshamenya lote. Ziko kwa maji."

"Na lile lingine?"

"Hilo lingine ndilo la jioni. Nikikupa, wateja wangu watakula nini, nyimbo?"

Dedan alikuwa akingoja nje, ameegemea pikapu tupu aliyoiosha asubuhi hiyo. Alimsikiliza Nyawira hadi mwisho. "So unataka tuanze kugonga milango ya watu, tuwaambie warudishe ndizi wamelipia?" aliuliza. "Hiyo ngoma utacheza peke yako, cousin."

Hawakugonga. Nyawira alitoa pesa alizokuwa nazo kwenye simu na Dedan akaongeza zake za mafuta ya gari. Duka lililokuwa wazi karibu na steji liliwapa mabunda machache ya unga. Waliyaweka nyuma ya pikapu pamoja na katoni ya chumvi, vikawa havionekani ukisimama pembeni.

Walifika Laini Saba baada ya saa tisa. Watu walikuwa wameketi pande zote mbili za reli, wengi wakiwa na bakuli au sahani magotini, watoto wamelala kwenye kanga zilizotandikwa juu ya kokoto. Masufuria matatu yalikuwa juu ya mawe, mvuke ukitoka. Jael aliyaacha, akafuta mikono kwenye leso yake na kuja hadi nyuma ya pikapu. Alichungulia.

"Ingine iko nyuma?"

"Hapana," alisema Nyawira. "Mama Billy, chakula kilikuwa kingi. Kikapigwa mnada, ile ya kanisa. Ndivyo wanavyofanya. Pesa iko, inapita benki kwanza. Itakuja mara mbili."

"Mliuza."

"Tuliuza ili kiongezeke."

"Mliuzia nani?"

"Wale wale waliokileta."

"Mliuziana," alisema Jael, bila ukali, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa.

Mzee Ogola, fundi wa majiko aliyekuwa ameketi karibu juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliinua kichwa. "Kwani Kawangware kuna njaa pia?" aliuliza. Watu wawili watatu wakacheka. "Na hiyo ni nini kwa katoni?"

"Chumvi," alisema Dedan.

"Chumvi ni mzuri. Sasa mtupatie cha kutia hiyo chumvi."

Kutoka upande wa Kianda, akitembea juu ya mataruma ya reli, alikuja mwanamke mrefu mwenye mfuko wa unga kichwani na mwingine mkononi. Alikuwa Akoth, muuza omena, jirani wa Jael ng'ambo ya njia. Alikuwa ameondoka alfajiri bila kumwambia mtu. Aliyaona masufuria, akaiona pikapu, akashusha mfuko wake taratibu.

"Mama Billy," alisema, "si ulituambia tusiende? Mimi miguu yangu ndiyo haisikiangi."

Safari hii walicheka wengi, na Jael pia alicheka kidogo. Kisha sauti ya mwanamume kutoka nyuma ikauliza bila kicheko: "Na sisi tuliosikia?"

Kelele zilianza. Wengine walisema saa ile hata wakikimbia Kianda watapata watu wamefagia na kwenda. Mmoja alisema Jael amelipwa na watu wa kanisa ili picha zipigwe. Mwingine alimwambia anyamaze, picha za nini na hakuna chakula. Jael alisimama kando ya sufuria la kati na kungoja hadi aliposikika.

"Ni mimi niliwaambia mbaki," alisema. "Nilisema gari inakuja, na imekuja hivi. Ni mimi."

Nyawira alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Alikuwa na sentensi tayari: kwamba Jael aliuliza, na aliyejibu ni yeye. Ilikuwa sentensi fupi na ya kweli, na kila mtu pale angeielewa. Alingoja kelele zipungue ili aiseme vizuri. Zilipopungua Jael alikuwa amekwisha kuinama kuchochea moto, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye unga, na Nyawira hakusema.

Unga ule haukutosha ugali kwa wote, kwa hiyo Jael alipika uji. Aliingia chumbani kwake, akatoka na mfuko wa unga ambao mto haukuufikia, akaumimina pia. Akoth alimtazama. Alifungua mfuko wake mmoja, akachota nusu, akaitia katika sufuria la pembeni, kisha akaketi kuukoroga bila kuombwa. Watoto walipewa kwanza. Waliofika mwisho walipata uji mwepesi sana, na wazee kadhaa, Ogola akiwa mmojawao, walisema hawakuwa na njaa.

"Twende," Dedan alimwambia Nyawira baadaye. "Hapa sisi ni kusimamia tu."

Jumatatu Jael alikuwa kazini kama kawaida. Saa ya chai alimpelekea Nyawira kikombe chake, sukari kidogo kama alivyotaka siku zote. Nyawira alisema angeenda Laini Saba jioni hiyo kuwaeleza watu ilivyokuwa.

"Utawaambia nini?"

"Kwamba mimi ndiye niliyekwambia wasiende Kianda."

Jael alilifikiria jambo hilo akiwa ameshika birika. "Wakishajua, ile Jumapili watakuwa wamekula?"

"Hapana. Lakini hawatakulaumu wewe."

"Mwalimu, mimi ndiye nilienda mlango kwa mlango. Mdomo ulikuwa wangu." Alisogea meza ya pili. "Wacha tu."

Nyawira aliona kwamba jibu hilo halikuwa na mantiki. Alieleza kwa nini, kwa utaratibu, Jael akamsikiliza kwa heshima na kumwongezea chai. Jioni hiyo kulikuwa na madaftari ya kusahihisha, na Nyawira hakwenda.

Siku iliyofuata wanawake wa chama walikwenda kwa Jael. Hapakuwa na mkutano na hakuna aliyeinua sauti. Habari hii ilitoka kwa Ogola, aliyekuwa akitengeneza jiko nje ya mlango unaokabiliana. Walisema masufuria yangekaa vizuri zaidi kwa Akoth. Waliyatoa moja baada ya jingine. Lile kubwa lilikwama mlangoni, maana lilikuwa halipiti bila kulazwa upande na kuzungushwa, na aliyejua namna ya kulizungusha ni Jael. Alilishika mkono mmoja, akawaonyesha, akasaidia kulibeba hadi kwa Akoth.

Ndungu alirudi kutoka Nyahururu, akatia sahihi. Jumamosi asubuhi pikapu ya Dedan ilijaa hadi juu ya paa na ikabidi irudi mara ya pili. Kulikuwa na unga, mchele, maharagwe, mafuta, sukari, makaa, hata majiko madogo mapya, baadhi yakiwa yamenunuliwa kwa Ogola mwenyewe. Kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile kilichokuwa mezani kanisani. Kimotho alikuja pia. Alivaa koti lake la Jumapili na kupitisha vifurushi kwa mikono yake kwa muda mrefu kuliko vijana wawili waliokuja naye, na watu walimshukuru. Alipopumzika alisimama kando ya binti yake.

"Unaona?" alisema.

"Naona, Baba."

"Sasa mbona umenuna?"

Nyawira alimwambia hajanuna. Alikuwa akitafuta kitu kwa macho. Moto ulikuwa umewashwa upande wa pili wa njia, mbele ya mlango wa Akoth, na masufuria yote matatu yalikuwa juu ya mawe. Akoth alishika mwiko. Wanawake wengine walikuwa wakikatakata kabichi na kutaniana kwa Kijaluo na Kiswahili, na mmoja alikuwa akimwuliza Akoth kama wali wake nao utanuka omena.

"Ukinuka utakula mara mbili," alisema Akoth. "Nakujua wewe."

Jael hakuwa miongoni mwa waliopika. Alikuwa katika laini, karibu na mwisho, nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa na bakuli la bluu. Alimwona Nyawira na kumpungia mkono, naye Nyawira akavuka njia hadi alipokuwa.

"Mambo, Mwalimu. Chakula imekuja mingi."

"Imekuja. Mama Billy, toka kwenye laini, uje mbele. Wewe ndiye ulipanga haya yote."

"Nikitoka nitapoteza nafasi," alisema Jael.

Nyawira alisimama naye laini ilipokuwa ikisogea. Waliongea kuhusu shule, kuhusu gesi ya jikoni iliyokuwa ikikaribia kuisha, na kama Jumatatu kungekuwa na mboga. Mtu mmoja nyuma yao alimwambia Nyawira kwa upole kwamba walimu nao wapange laini, Nyawira akasogea kando.

Jael alifika mbele. Akoth alimtazama, akalitazama bakuli, akakoroga hadi chini kabla ya kuchota. Alimpakulia wali na maharagwe kiasi kile kile alichokuwa akiwapakulia wengine.

"Imetosha?"

"Imetosha. Asante."

Jael alifunika bakuli kwa sahani, akavuka njia, akaingia kwake.